Kupanda kwa Zamu: Funzo la Kukodi, Kuazima na Kushirikiana Mnyama

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha wanyama kwa ajili ya wanaadamu, wakawachukua wao na mizigo yao kwenda miji ambayo pasipo wao haifikiwi ila kwa taabu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyepanda farasi na ngamia na punda, na akashuka akaenda kwa miguu ilipofika zamu ya mwenziwe.

Ama baada ya hayo, funzo hili ni la Mwislamu mwenye mali kidogo, akaaye Songea au katika vijiji vilivyo mbali na njia kuu, ambaye nafsi yake yatamani mnyama wa kupanda, wala mfuko wake hautoshi kumnunua na kumlisha peke yake. Mtu huyu ana njia nne mbele yake: kuazima, kukodi, kukodi pamoja na mwenziwe kwa zamu, au kumiliki kwa shirika. Kila njia ina hukumu zake, na fitina nyingi baina ya ndugu hutoka katika kuzichanganya. Huyu adhani ameazimwa, na yule adhani amekodisha. Hata mnyama afapo, ndipo wajuapo kuwa hawakupatana neno lolote. Lakini kabla ya hukumu hizo yapasa kutaja habari ya mnyama mwenyewe, kwani wengi hutamani farasi.

FARASI NA NCHI YA RUVUMA

Fadhila ya farasi haina shaka. Mwenyezi Mungu amemtaja katika Sura An-Nahl pamoja na baghala na punda, kuwa wote watatu ni wa kupandwa na ni pambo. Naye Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa heri haitaondoka kwa farasi hata siku ya Kiyama, na akawaweka wafugao farasi katika mafungu matatu. Yuko apataye thawabu kwa farasi wake, kwa kuwa amemfuga katika njia ya Mungu. Yuko ambaye farasi wake ni sitara kwake, amemfuga apate kujitosheleza asinyoshe mkono kwa watu, wala hakuisahau haki ya Mungu. Na yuko ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemfuga kwa fahari na kujionyesha. Basi atakaye farasi ili watu wamtazame siku ya Idi, na ajiulize kwanza yu katika fungu lipi.

Ama nchi ya Ruvuma, haikuwa nchi ya farasi tangu zamani. Misafara iliyotoka Kilwa kwenda bara ilibebewa mizigo na vichwa na mabega ya watu, wala si kwa kuwa watu wa pwani hawakumjua farasi, bali kwa sababu ya mbung'o. Katika mwaka 1866 msafiri David Livingstone alipanda bonde la mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akitaka kujaribu kama wanyama hao wataweza kustahimili mbung'o. Wakafa njiani mmoja baada ya mmoja. Yeye mwenyewe hakumtwika mdudu lawama yote: aliwalaumu pia askari wake wa Kihindi kwa kuwapiga wanyama na kuwabebesha kupita kiasi. Katika miaka ya 1890 daktari David Bruce, akiwa Zululand, alidhihirisha kuwa mbung'o hutia katika damu ya mnyama kijidudu kiletacho maradhi ya nagana. Na jeshi la wapanda farasi wa Afrika Kusini lililoingia nchi hii katika vita vya mwaka 1916 lilipoteza farasi kwa maelfu katika muda wa miezi michache.

Yako na maradhi ya pili, nayo ni tauni ya farasi, iletwayo na visubi waumao usiku, khasa mvua zinapokaribia kwisha. Si maradhi mapya: khabari za tauni ya namna hiyo zimehifadhiwa tangu Yemeni ya miaka ya 1327 na 1328. Farasi asiyechanjwa akishikwa nayo, mara nyingi hafiki wiki ya pili. Katika kumi huweza kufa tisa. Baghala hustahimili zaidi, na punda wa Afrika hushikwa nayo mara nyingi bila kufa. Hivi ndivyo Mwenyezi Mungu alivyogawa nguvu: mwenye mbio na pambo kanyimwa uvumilivu wa nchi hii, na yule adharauliwaye kapewa.

Fauka ya hayo, farasi hula. Kwa siku moja mnyama huyu hutaka malisho makavu yapatayo kilo mbili kwa kila kilo mia za uzito wake. Farasi wa kilo 400 hutaka kilo nane, kila siku, akiwa amepandwa au hakupandwa. Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo mbili na nusu au tatu. Hapo haijahesabiwa chanjo, wala kwato, wala mganga wa wanyama, ambaye Songea si kila mmoja wao amewahi kumtibu farasi. Walio na farasi leo Arusha, Dar es Salaam na Unguja ni watu wenye uwezo, au ni wenye biashara ya kupandisha wageni. Atakaye kujifunza kupanda farasi tu, na akodi kwao saa moja au mbili apitapo huko. Hiyo ni gharama ya mara moja nayo humalizika. Lakini auzaye mahindi yake ya mwaka akaleta farasi Songea, hakutenda haramu, ila ameweka mali ya watoto wake mahali ambapo visubi wawili watatu waweza kuiondoa kwa usiku mmoja. Na kupoteza mali ni jambo lililokatazwa.

Wengine husema, "Nimepata farasi wa bei rahisi." Sayidna Umar alikuwa amemtoa farasi katika njia ya Mungu, na mtu aliyepewa hakumtunza, akakonda. Umar akadhani atamuuza kwa bei ndogo, akataka kumnunua tena. Mtume akamkataza, hata kama atauzwa kwa dirhamu moja, kwa kuwa huko ni kuirudia sadaka. Kisa hiki hutajwa kwa hukumu ya sadaka, na ndivyo. Lakini msomaji na aangalie pia kwa nini farasi yule alikuwa rahisi. Urahisi wake ulitoka katika njaa yake.

Punda basi ndiye mnyama wa mtu wa Songea. Wala asione haya. Mtume alipanda punda akamchukua Muadh bin Jabal nyuma yake, na akaenda juu ya punda kumzuru Saad bin Ubada alipokuwa mgonjwa, na Usama nyuma yake. Punda wengi wa nchi hii wako Dodoma, Singida, Manyara, Arusha na upande wa Ziwa. Kusini ni wachache, na anunuaye humpata kwa safari na gharama. Naye hakuepukana na nagana kabisa, khasa akipelekwa upande wa Namtumbo na Tunduru palipo na mapori ya mbung'o. Tena dawa apewazo ng'ombe kwa maradhi hayo, ziko ambazo punda na farasi hazistahimili. Kabla ya kumchoma sindano hapana budi aulizwe bwana mifugo. Uchache huo ndio ufanyao watu wa kusini kuhitaji kushirikiana zaidi kuliko wenzao wa Singida.

KUAZIMA

Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Mtume akaazima farasi wa Abu Talha, aliyejulikana kwa uzito wa mwendo, akampanda bila matandiko, akatangulia kwenda kuangalia, kisha akarudi kuwatuliza watu, akamsifu farasi yule kuwa ni kama bahari kwa mbio zake. Hapo wanavyuoni wakapata dalili ya kufaa kuazima mnyama.

Lakini kuazima si bure kama watu wadhanivyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyeazima huchukua dhamana. Mnyama akifa mkononi mwake kwa jambo lisilo lile aliloruhusiwa, yeye hulipa kima chake cha siku aliyokufa, ijapokuwa hakufanya uzembe wowote. Amempeleka mtoni kunywa, mamba akamkamata: atalipa. Ila kile kichakaacho kwa matumizi yenyewe yaliyoruhusiwa, kama soji kulika au mnyama kukonda kidogo kwa safari iliyokubaliwa, hicho hakina malipo. Chakula cha mnyama kiko juu ya mwenyewe, na gharama ya kumrudisha iko juu ya aliyeazima. Wala aliyeazima hana ruhusa kumwazima mwingine bila idhini. Na mwenyewe aweza kumtaka mnyama wake wakati wowote.

Kwa hiyo maskini aazimaye punda wa jirani kila siku ya soko, akiona kuwa amepata njia nyepesi kuliko zote, kwa kweli amejitia katika dhamana nzito kuliko zote. Akodiye hana mzigo huo.

KUKODI

Aliyekodi mkono wake ni mkono wa amana. Mnyama akifa bila ya yeye kuvuka mpaka, halipi. Avukapo mpaka, hulipa. Na Imam Nawawi katika Minhaj ameitaja mipaka hiyo kwa mifano ilivyo wazi: kumpiga mnyama kupita desturi, kumvuta lijamu kupita desturi, na kumpandisha mtu mzito kuliko yule aliyekusudiwa. Amepatana kubeba ratili mia za ngano akabeba ratili mia za shayiri, amevuka mpaka, ijapokuwa mizani ni moja, kwani shayiri huenea mgongoni na ngano hukaa mahali pamoja. Mkulima wa Songea na apime mwenyewe: gunia la mahindi na mzigo wa kuni vyaweza kuwa na uzito mmoja, lakini mgongo wa punda hauvioni kuwa kitu kimoja.

Shurti za kukodi ni kujulikana mambo: mnyama, mpandaji kwa kuonekana au kwa kusifiwa sifa kamili, mwendo, na ujira. Mpandaji atajwe kwa kuwa punda wa bara ni mdogo, na mtu mnene si sawa na kijana mwembamba. Aliyekodi aweza kumpa nafasi yake mtu aliye sawa naye au mwepesi kuliko yeye. Na hapa kukodi kumeachana na kuazima.

Kisha kukodi kuna namna mbili. Mtu akimkodi punda huyu khasa, mapatano hufungamana naye: akifa njiani, mapatano ya safari iliyobaki yamevunjika, na hulipwa sehemu ya mwendo uliokwisha. Akiwa amekodi kupelekwa, yaani mwenye punda amejilazimisha dhimmani kumfikisha kwa punda wa sifa fulani, basi punda mmoja akifa ni juu yake kuleta mwingine. Namna ya pili ni salama zaidi kwa mwenye safari ndefu, ila ujira wake wote hulipwa hapo hapo penye mapatano.

Na ujira lazima ujulikane. Hapa pana kosa lililoenea mno, nalo huonekana kama wema. Mtu mwenye punda humwambia jirani, "Mpande utakavyo, ujira wako ni kumlisha." Mapatano haya hayasihi kwa madhehebu ya Shafi, kwani malisho hayajulikani kiasi chake. Kiangazi majani yamekauka na huhitaji kununua pumba. Masika majani yako mlangoni. Punda akiugua hali kitu. Akipona hula maradufu. Wakati wa majani jirani huona amepata faida, na mwezi wa Oktoba ukifika huanza kupunguza chakula kwa siri, na mwenye kudhulumiwa katika mapatano hayo ni yule asiyeweza kusema. Madhehebu ya Imam Malik yamelegeza jambo la malisho yaliyozoeleka. Lakini kwa watu wa Songea, ambao wengi wao ni Mashafi, njia ya kutoka ni nyepesi. Wapatane ujira kwa fedha iliyotajwa, tuseme shilingi kadhaa kwa mwezi. Baada ya mapatano kutimia, wala si kwa kuyafanya kuwa shurti ndani yake, mwenye punda ampe jirani idhini ya kuitumia fedha ile ile kumnunulia mnyama malisho, na ahesabiwe. Fedha ikizidi hurudi kwa mwenyewe. Ikipungua mwenyewe huongeza, kwani chakula cha mnyama ni juu ya mwenye mali.

KODI YA ZAMU

Hii ndiyo mas-ala iliyo karibu zaidi na haja ya maskini, nayo si jambo lililobuniwa kwa dhiki ya leo. Mwaka wa 2 wa Hijra, uliokuwa mwaka 624, Waislamu walitoka Madina kwenda Badri, watu mia tatu na zaidi, na ngamia wao walikuwa 70, na farasi wawili tu kwa mapokezi yaliyo mashuhuri. Wakapanda watatu watatu kwa ngamia mmoja. Wenziwe Mtume walikuwa Ali bin Abi Talib na Abu Lubaba. Ilipofika zamu ya Mtume kushuka wakataka kumwachia apande yeye muda wote, nao waende kwa miguu kwa niaba yake. Akakataa, akiwajulisha kuwa wao hawakuwa na nguvu kuliko yeye za kwenda kwa miguu, wala yeye hakuwa tajiri wa thawabu hata asizihitaji. Na katika vita vya Dhatu-r-Rikaa dhiki ilikuwa kubwa zaidi. Abu Musa amesimulia kuwa walikuwa watu sita wakipokezana ngamia mmoja, hata nyayo zao zikapasuka na kucha zikawatoka, wakazifunga miguu kwa vitambaa. Na kwa vitambaa hivyo vita vile vikaitwa jina lake.

Wanavyuoni wa Shafi waliiita kodi hii kiraa-l-ukab. Ina sura mbili. Ya kwanza, mtu mmoja akodi mnyama kwa kumpanda baadhi ya njia, na sehemu iliyobaki aende kwa miguu na mwenye mnyama apande. Ya pili, watu wawili wakodi mnyama mmoja kwa ujira mmoja, huyu apande sehemu yake na huyu sehemu yake. Zote mbili zafaa kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ijapokuwa asili ya mnyama aliyeainishwa ni kuwa hakodiwi kwa wakati ujao. Kungoja zamu kumesamehewa kwa haja ya watu.

Chukua mfano. Zaidi na Amri wakaa kijiji kimoja na huja soko la Songea kila wiki. Bakari ana punda. Wamkodi kwa shilingi zilizotajwa kwa kila safari ya kwenda na kurudi, nusu kwa nusu. Yawapasa kubainisha zamu kwa kitu kisichopingika: kwa mwendo, kama kutoka kijijini mpaka daraja fulani, au kwa saa. Ikiwa mahali hapo pana desturi ijulikanayo, desturi hutosha. Wakihesabu kwa saa, zihesabiwazo ni saa za mwendo tu. Wakisimama kumnywesha punda au kuswali Adhuhuri, muda huo hauliwi katika zamu ya yeyote. Wakigombana nani aanze, hupiga kura. Na ikiwa mnyama ni mwenye nguvu za kuwachukua wote wawili pamoja, hupanda pamoja. Kwa punda wa kawaida hilo si jambo la kufikiriwa, labda watoto wadogo.

Amri aweza kusema, "Safari yangu ya kwenda Mbinga ni siku sita, nipe nipande siku tatu mfululizo, nawe upande tatu." Fukahaa wamelikataa ombi hilo akilikataa mwenziwe. Wametoa sababu, nayo yaonyesha walikuwa watu waliosafiri kwelikweli: aendaye kwa miguu siku tatu huchoka taabu kubwa, na mtu aliyechoka akipanda huwa mzito juu ya mnyama kuliko aliye mzima. Hulegea mwili, hainuki pamoja na mwendo, na mgongo wa mnyama huumia. Zamu fupi ni haki ya mwenzi na haki ya punda kwa pamoja.

Leo njia ya lami kutoka Makambako imefika Songea tangu miaka ya 1980, na kijana wa mjini hucheka akisikia zamu ya punda, kwani yuko na bodaboda. Asicheke sana. Hukumu ya pikipiki katika mlango huu ni hiyo hiyo, ila petroli imekaa mahali pa majani. Mwenye pikipiki amkabidhiye kijana kwa hesabu ya siku iliyotajwa, ujira wake wajulikana, na hiyo ni kodi sahihi. Na wale wanaoandikiana kuwa kijana akitimiza malipo ya miezi kadhaa pikipiki itakuwa yake, wamechanganya kodi na biashara katika karatasi moja. Na wamwendee kadhi kabla ya kutia sahihi, wala si baada ya ugomvi.

KUMILIKI KWA SHIRIKA

Zaidi na Amri wakiona kodi imekuwa nyingi, wakanunua punda wao wenyewe, kila mmoja nusu, basi hali imegeuka. Malisho, dawa na kamba ni juu yao kwa kadiri ya hisa zao, na mtoto akizaliwa ni wao kwa hisa hizo hizo. Zamu baina ya washirika ni ya kuridhiana. Hakimu hamlazimishi mmoja wao, na kila mmoja aweza kujitoa. Ila akijitoa baada ya yeye kuwa ametumia zamu yake na mwenziwe bado, itampasa kumlipa mwenziwe nusu ya ujira wa mfano wa muda ule, yaani ule ambao punda kama yule angekodiwa kwa desturi ya mahali hapo. Haifai mtu kumaliza wiki yake ya mavuno, akabeba magunia yake yote, kisha akasema shirika limekwisha.

Inapendeza waandike. Waandike hisa, zamu, nani amlaza punda nyumbani kwake, na kila senti ya matumizi. Shahidi wawili watosha. Wengine huona haya kumwandikia ndugu, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandikiana deni.

Mmoja akikataa kulisha sehemu yake, mwenziwe asimwache punda na njaa ili kumkomoa. Amlishe, na apeleke jambo kwa kadhi. Na kadhi humlazimisha mkataaji ama alishe ama auze hisa yake. Matumizi aliyoyatoa mwenziwe kwa idhini ya kadhi, au kwa kushuhudisha ikiwa kadhi hapatikani, huyadai. Akitoa kimya kimya bila ya hayo, huhesabiwa amejitolea. Hapa wengi hupoteza haki yao kwa ustahimilivu mwema usio na shahidi.

Ama sura ya mmoja kutoa punda na mwingine kutoa kazi, wakabeba mizigo ya watu na kugawana kipato kwa nusu, haisihi kwa Shafi, kwani kipato hakijulikani. Imam Ahmad ameijuzisha. Atakaye usalama, amlipe mfanyakazi ujira uliotajwa, au mfanyakazi akodi punda kwa kiasi kilichotajwa.

HAKI YA MNYAMA

Mnyama wa watu wawili ana hatari kuliko mnyama wa mtu mmoja, maana kila mmoja hutaka kumaliza haki yake, na hakuna aonaye kuwa uchovu wa jana ulikuwa wake. Ngamia mmoja wa Madina alimwendea Mtume machozi yakimtoka. Mtume akampapasa akatulia, kisha akamwuliza mwenyewe kama hamwogopi Mungu katika mnyama aliyemmilikisha, kwani ngamia ameshitaki njaa na kuchoshwa. Ngamia yule alikuwa na mwenyewe mmoja tu. Na Mtume alikataza kufanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani kukaa juu yao wamesimama na mtu anazungumza. Akutanaye na rafiki yake njiani na ashuke ndipo amuulize hali.

Washirika basi wapatane siku ambayo punda si wa yeyote kati yao. Wapatane pia kuwa kidonda kikitokea mgongoni zamu zote husimama mpaka kipone, wala mwenye zamu ya siku hiyo asidai fidia.

Yako na mas-ala ya punda mzee, ambayo washirika hawaitaji siku ya kununua. Punda atunzwaye vizuri huweza kuishi miaka 25 na zaidi, na nguvu zake humwisha kabla ya umri wake. Nyama yake ni haramu, imekatazwa siku ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra. Ibn Hajar na wenziwe katika Mashafi wamesema haifai kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Kwa miaka ya karibuni palikuwa na wanunuzi wa ngozi za punda kwa ajili ya dawa za Kichina, punda wakachinjwa na kuibwa kwa wingi, hata Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kupiga marufuku biashara hiyo kwa miaka 15. Kwa hiyo mlango huo umefungwa kwa sheria na kwa dola.

Inabaki kulisha. Ikiwa Zaidi na Amri wamepanda kwa zamu miaka kumi, hulisha kwa zamu miaka iliyobaki, kila mmoja kwa hisa yake, na punda amefungwa kivulini asibebe kitu. Ikiwa Amri amehama kwenda Mbamba Bay, hisa yake haikuhama. Hutuma nusu yake ya pumba kila mwezi, au humhibia Zaidi hisa ile kwa ushahidi na Zaidi aikubali. Na asipoikubali, Amri aendelee kutuma.